Jino Langu, Popoo ya Mama Mkwe

Mpendwa Mama Orpa, naomba msaada, ila nakusihi usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, maana mafuta nimeshapakwa ya kutosha, tena mdomoni. Mimi ni Rambu Yublina wa hapa Waingapu, kisiwani Sumba, nina gego la chini lililotoboka, na daktari Ningsih wa kliniki ya mtaani kwetu ameliziba mara mbili kwa ile saruji nyeupe ya meno, mara ya kwanza akaipaka juu mafuta ya mgando ili mate yasiiharibu kabla haijakomaa, akanikanya nisitafune upande ule mpaka kesho yake, lakini hata sijafika nyumbani ulimi ulishayalamba yote, na jioni ile mama yake Umbu Ndilu, mchumba wangu, akaja na kikapu chake cha tambuu, popoo na chokaa, nikatafuna, saruji ikamomonyoka. Mara ya pili nikapakwa vanishi, hiyo ikashika, nikajiona mjanja, nikatafuna tena siku ileile, kwa sababu mama mkwe alikuwa amenikodolea macho, "Kula, mwanangu, au popoo yetu inanuka?" Jino likabaki shimo.

Sasa daktari anataka kuliziba tena na kunipaka juu utando unaogandishwa kwa taa ya buluu, anasema ndio unaodumu kuliko yote, na shangazi yangu Adriana anacheka mpaka anashika mbavu, "Jamani, mtoto anapakwa rangi ya kucha mdomoni!" Hapo moyo ukanidunda, kwa kuwa mwaka jana nilibandika kucha za bandia, gundi ikanivimbisha vidole, nikawashwa mpaka nikalia, na daktari sijamwambia, naogopa ataniona mshamba. Jumamosi ukoo wa Ndilu unaleta farasi wa mahari, kikapu kitawekwa mbele yangu, na mama mkwe ameshatangaza kwamba bibi harusi asiye na midomo myekundu kwa tambuu hajaikubali nyumba yake. Mimi nimewajibu mbele ya wote, sitafuni! Jino ni langu, aliyelia nalo ni mimi, farasi hawataumwa meno kwa niaba yangu! Tangu nitamke hayo mama yangu mzazi hasemi nami. Ndilu nampenda, simtaki mwingine. Je, nipakwe huo utando, nitafune mbele yao, yaishe?

MAMA ORPA ANAJIBU

Rambu Yublina, nimekusoma nikacheka, kisha nikakasirika. Pole kwa jino, maumivu yake nayajua. Lakini wewe unayewapandishia sauti wazee, umenywea mbele ya daktari kwa sababu ya vidole vilivyovimba? Mficha uchi hazai, mwanangu.

Mafuta ya mgando ni nadra kumdhuru mtu, ila yanatoka upesi mno. Vanishi inakaa kidogo zaidi, lakini haishindani na chokaa na popoo. Utando wa taa ndio wenye nguvu, unaweza kukaa miezi, ila aina nyingi zina kemikali za ukoo mmoja na gundi ya kucha, na aliyevimba vidole anaweza kuvimba mdomo. Kwa hiyo nenda kwa Ningsih kesho, umsimulie habari za zile kucha kabla hajashika taa yake. Akisema hapana, rudini kwenye vanishi, na hiyo nayo muulize imetengenezwa kwa kitu gani. Wala usidanganyike, hakuna utando utakaokuruhusu kuvunja popoo siku ya kwanza. Unazuia mate, hauzuii ukaidi. Zile saruji mbili umeziharibu mwenyewe kwa kuogopa macho ya mtu, usimsingizie daktari wa watu.

Sasa Jumamosi. Hapo ulipokosea ni kutangaza "sitafuni" kana kwamba unakataa kikapu. Tangu lini huku Sumba mtu akalazimishwa kutafuna? Kikapu hupokewa. Baba yangu mdogo hana jino hata moja na hajawahi kukataa tambuu ya mtu, huichukua, huitia mfukoni, mazungumzo yanaendelea. Mama mkwe wako analijua hilo vizuri sana, anakupima tu kama utapinda.

Usipinde. Muombe mama yako radhi kwa ukali wa ulimi, siyo kwa jino. Halafu mwite Ndilu, umwambie azungumze na mama yake yeye mwenyewe kabla ya Jumamosi, maana mwanamume anayeleta farasi mbele ya ukoo mzima hawezi kushindwa kumwambia mama yake neno moja. Akishindwa, umejua unaolewa na mtu wa namna gani.

Kikapu kikifika, pokea kwa mkono wa kulia, chukua tambuu, chukua popoo, tia kwenye kibegi chako, shukuru kwa adabu zote. Akisema, "Tafuna tuone," mjibu taratibu, wote wasikie: "Mama, nyumba yako nimeipokea. Kinywa bado ni changu." Kisha fumba huo mdomo, mtazame usoni, na usiwe wa kwanza kuinamisha macho.