Mungu Si Mama Mkwe

Usevya, 14 Januari 1996

Kwa dada yangu Eufrazia,

Shikamoo dada. Shemeji na watoto hapo Nsemulwa wanaamkaje? Huku mvua imekubali na mpunga umeshika vizuri, ila nyumbani kwangu si kuzuri.

Marsela ana mimba ya miezi saba, na miguu imevimba mpaka ndala hazimwingii. Kichwa kinamuuma kila siku. Nesi wa zahanati amesema asijifungulie hapa, aletwe hospitali hapo kwenu Mpanda. Tulikuwa tunajiandaa, daraja likachukuliwa na maji. Magari sasa yanaishia ng'ambo, na wanaovuka ni wenye nguvu za kupambana na mto. Osward dereva amekubali kubeba barua hii.

Dada, naomba utuombee. Wewe umefunga ndoa kanisani, unapokea komunyo, unasikika. Mimi nilimtorosha Marsela kwao na mpaka leo hatujabariki ndoa. Jumapili wenzangu wakienda kupokea, nabaki kwenye benchi naangalia viatu vyangu. Mtu kama mimi ataanzaje kumwomba Mungu jambo kubwa hivi? Nisemee wewe.

Mdogo wako,
Rafaeli

*

Nsemulwa, 29 Januari 1996

Mdogo wangu Rafaeli,

Marahaba. Sisi tupo. Shemeji yako anakohoa, lakini bado anabishana na redio, kwa hiyo ni mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nimemtolea Marsela nia ya misa, na jumuiya yetu yote inamwombea. Lakini ulinichekesha huku nalia. Yaani umenifanya mjumbe wa nyumba kumi, nikupelekee shida zako juu?

Unamwogopa Mungu kama unavyomwogopa mama mkwe wako. Kwenye msiba wa baba niliwaona kwa macho yangu. Wewe uani, yeye jikoni amekupa mgongo, mnamtuma mtoto kuulizana kama kuni zipo, na mlango uko wazi kabisa. Ile ni heshima yetu, siikatai. Ila Mungu si mama mkwe, Rafaeli. Hataki umtumie mtu. Yesu alishamaliza kazi hiyo ya kutusogeza karibu, na aliifanya kwa ajili ya watu kama wewe, si kwa wanaokaa benchi la mbele. Ndoa mtabariki, padri yupo. Usingoje kuwa safi ndipo uombe. Msogelee ulivyo, mtaje mkeo kwa jina, sema unachotaka.

Dada yako,
Eufrazia

*

Usevya, 18 Februari 1996

Dada Eufrazia,

Shikamoo. Poleni na kikohozi cha shemeji. Mto haujashuka. Marsela sasa uso pia umevimba, na anasema anaona ukungu hata jua likiwa kali. Mama yake amekuja kumuuguza. Analala naye chumbani, mimi nimehamia ghalani, tunapishana kwa kukohoa ili mwenzako ajue unapita.

Jana nilijaribu ulivyoniambia. Nilipiga magoti shambani, nikasali Baba Yetu mpaka mwisho. Nikafika pa kusema la kwangu. Nikasema, "Dada yangu Eufrazia anakuomba." Basi, nikanyanyuka. Nilijionea aibu, dada.

Naogopa sana. Endelea kunisemea.

Mdogo wako,
Rafaeli

*

Nsemulwa, 16 Machi 1996

Mdogo wangu Rafaeli,

Mnaendeleaje? Mwezi unakwisha sijapata neno lolote kutoka kwenu. Najiambia ni mto tu.

Nimetoa vitu vyote chumba cha nyuma, kitanda cha Marsela kiko tayari. Maji yakipungua Osward atamkalisha mbele, si kwenye magunia. Nimemtumia kitenge cha kujifungulia, chekundu anavyopenda. Mwambie asihangaike na kupika, hapa atakula tu na kugombana na shemeji yake. Na wewe jaribu tena kuomba.

Dada yako,
Eufrazia

*

Usevya, 21 Aprili 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kalamu ilikuwa nzito. Barua yako na kitenge vilimkuta Marsela ameshazikwa. Alifariki mwezi wa pili mwishoni.

Alianza kukakamaa mwili mchana, uchungu ukaja humo humo. Nesi alimzalisha, kisha akakimbilia zahanati kufuata dawa. Tukabaki mimi na mama mkwe, bila mtu wa kumtuma katikati yetu. Akanitazama usoni. Akasema, "Rafaeli, njoo umshike kichwa." Tangu nimuoe mwanawe hajawahi kunitaja jina. Nikaingia, nikamshika. Akasema, "Omba, baba. Mimi maneno yameniishia."

Nikaomba kwa sauti, mbele yake. Sikutaja ndoa wala benchi. Sikukutaja wewe. Nikasema, Mungu, huyu ni Marsela, mke wangu, usimchukue, na huyu mtoto niachie. Sikuogopa, dada. Nilimsemesha kama ninavyokusemesha wewe. Alikata roho bado naomba.

Mtoto yupo, wa kike. Bibi yake anamnywesha maziwa ya ng'ombe, na ameanza kunenepa. Nilimwomba wawili, akanipa mmoja. Watu wananiambia nishukuru. Naanza kushukuru kwa ajili ya mtoto, halafu namkumbuka mama yake na siwezi kumaliza.

Kuanzia sasa usinisemee tena. Si kwa hasira, wewe ulinifundisha vizuri. Mwombee mama mkwe, amerudi kunipa mgongo na nasikia analia. Mimi kila siku nikitoka shambani namwendea Mungu mwenyewe, namwuliza kwa nini, na hajanijibu. Kesho nitamwuliza tena. Kwa sasa nagombana naye tu, dada. Sina mwingine wa kugombana naye.

Mdogo wako,
Rafaeli