Mama Yetu Marieta, Baba Ameingia Jikoni

Mwaka umezunguka, Mama, tangu Bwana alipokuita ukiwa nyumbani kwako Tlawi, mvua za kwanza zikiwa zimeshaotesha mboga ulizokuwa unazisubiri kwa hamu. Hukuwahi kuzichuma. Tulizichuma sisi kwa ajili ya waliokuja msibani, na tulizipika vibaya. Tusamehe.

Wewe hukuwa mtu wa kupalilia kama watu wengine. Jembe lako lilikuwa linazunguka kila mche wa mnavu uliojiotea kati ya mahindi, mpaka shamba linafanana na kichwa cha mtoto aliyemkimbia kinyozi katikati ya kazi. Jirani yako Juliana akipita hakosi la kusema.

"Mama Ludovika, hapo umepalilia au umepita tu?"

Nawe, bila kunyoosha mgongo: "Mahindi ni ya mwezi wa saba, mwenzangu. Leo nile nini?"

Kesho yake huyo huyo Juliana yuko mlangoni na kikapu, na unamjazia.

Hakuna aliyetoka kwako mikono mitupu. Mtu akikuamkia shikamoo, uliitikia marahaba na papo hapo ukauliza, "Umekula?" Habari nyingine zilisubiri. Fausta alikuja kwako akiwa nesi mgeni, kahamishiwa huku kutoka Songea, hana ndugu wala jamaa. Aliondoka na fungu la mnavu. Akarudi kwa fungu lingine. Safari ya tatu akaondoka na mwanao Yona, na ulifurahi kuliko wote.

Lakini mboga ya moyo wako ilikuwa mgagani. Uliupanda nyuma ya zizi, kwenye samadi ya zamani, ukaachia miche michache ikomae kwa ajili ya mbegu. Ulipika yale majani machungu kwa maziwa, ukayalaza chunguni, na kesho yake nyumba nzima ilitulia kula. Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akilalamika kwamba chakula kinachelewa. Ulimwita msimamizi asiye na mshahara.

Ulipoondoka, Mama, Baba Akonaay aliacha kula. Hakugoma. Alikaa mezani, akashukuru, akaonja tonge moja, akasema ameshiba. Shati likaanza kumpwaya, mkanda ukaongezwa tundu. Tuliogopa sana. Tulianza kuona kwamba tutawazika wawili.

Kila mmoja alijitia anajua kupika mgagani wako. Ludovika, mwanao wa kwanza, alikuja kutoka Nangwa, akauchemsha na kumwaga maji, akachemsha tena na kumwaga tena. Baba alionja, akasogeza sahani taratibu.

"Mwanangu, huu umeufua."

Fausta akaupika kama kwao, na karanga na nyanya. Baba akautazama kwa heshima. "Mkwe wangu, ni mzuri. Ila umevaa nguo za harusi." Yona akaona yasiwe mengi, akanunua kabichi. Ile alipewa mbwa, na mbwa naye alifikiri kwanza.

Halafu Jumamosi moja, Fausta akiwa ameinamisha chungu amwage maji, mlango ukaingiwa na giza. Alikuwa Baba. Hakukaa kwenye kigoda. Aliingia ndani kabisa.

"Mwaga nusu," akasema. "Nusu iache."

"Nusu, Baba?"

"Uchungu ukiisha wote, utajuaje kwamba ni mgagani?"

Fausta akamwaga nusu. Akashika maziwa, akazuiwa. "Bado. Mama yenu alikuwa anasubiri povu litulie." Ludovika akamwambia atoke, moshi utamuumiza macho. Akajibu kwamba macho yalishaumia, tumpe mwiko.

Mama, mzee yule ambaye hajawahi kuchemsha hata yai alikoroga mgagani mbele yetu! Alikoroga kwa mkono wa kushoto, kama wewe. Alionja, akakunja uso, akaongeza maziwa, akaonja tena. Kumbe miaka yote ile ya kulalamika pale mlangoni alikuwa anakutazama wewe. Tulipotaka kupakua alitufukuza wote. Mboga hailiwi leo, akasema, inalala.

Jumapili baada ya Misa tukakaa mezani. Baba akamega ugali, akachovya, akatafuna na macho amefumba. Akamaliza. Akanyoosha sahani kwa Fausta.

"Ongeza."

Ludovika alitoka nje kulia, akarudi anacheka, akalia tena huku anakula. Tulikomba chungu chote.

Tangu siku ile jiko ni lake kila Jumamosi, na mkanda umerudi kwenye tundu lake la zamani. Juliana anakuja na kikapu kama kawaida, sasa anasimangwa na Baba badala ya wewe kusimangwa naye. Chumvi bado inamshinda Baba, inazidi. Tunakunywa maji mengi na kumsifu.

Unakumbukwa kwa upendo na mume wako Akonaay, wanao Ludovika na Yona, mkwe wako Fausta, wajukuu, ndugu wa Tlawi na Mogitu, na Juliana, ambaye anasema naye ni ndugu. Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazojaliwa.

Tumemsomea Baba tangazo hili. Amesikiliza mpaka mwisho, akakataa habari ya chumvi, kisha akaomba tuweke neno lake mwenyewe:

"Mama Ludovika, nakula."