Waliosubiri Upande wa Pili

Kalangalala, Geita
Alhamisi

Dada yangu Melania,

Shikamoo dada. Itikia hata kama umenuna, maana shikamoo ya mdogo wako haina kosa. Mimi huku ni mzima, ukiacha kikohozi cha vumbi ambacho kila mtu wa Geita anacho na hakuna anayekiita ugonjwa. Wewe je, mgongo umepona? Maige amezoea shule mpya, au bado analia getini? Na hapo Maganzo mvua imenyesha, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu? Nauliza mengi kwa sababu simu zangu hupokei, na tangu uliponiacha stendi ya Shinyanga bila kunipa mkono sina wa kumuuliza.

Unakumbuka ulichoniambia siku ile. Ulisema niende nikaimbe peke yangu kama nilivyotaka, ila watu wataniuliza mwenzangu yuko wapi. Nilipanda basi nimefura kwa hasira. Miaka yote tuliyoimba kwenye harusi na kipaimara, watu walituita wale dada wawili, kana kwamba hatukupewa majina. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: nikisimama mwenyewe na gitaa langu, kuna mtu atakayenisikiliza? Hilo ndilo lililonileta huku, na hadi leo ndilo linaloninyima raha.

Kwa chakula sijambo. Nachora mabango ya maduka. Ukifika Kalangalala utaona sululu, kamba na mabuti kwenye ukuta wa duka la vifaa la Mzee Kamrudin. Ni mkono wangu ule. Nikimaliza kazi natunga nyimbo, na kila wimbo nauchorea picha yake, kwa sababu nisipojua wimbo una sura gani siwezi kuumaliza. Nyimbo zilipofika za kutosha albamu nikakodi ukumbi mdogo nyuma ya soko, nikatundika picha zangu ukutani, nikatangaza uzinduzi wa Noela, mwimbaji na mchoraji.

Dada, watu walikuja. Hapo ndipo penye ajabu. Walikuja wengi, wachimbaji wametoka kuoga, kina mama na watoto mgongoni, lakini hawakuingia. Walisimama nje, wengine barazani, wengine barabarani, wakichungulia madirishani kwa adabu kabisa, na wala hapakuwa na kiingilio. Niliimba albamu nzima mbele ya viti vitupu na fundi wa spika. Nilipomaliza wakatazamana, wakaondoka wakinung'unika. Nikakaa pale pale jukwaani nikalia, na niliyemkasirikia ni wewe, kwa sababu ulikuwa umeniambia.

Lakini unanijua, hasira yangu haishindi udadisi wangu. Kesho yake nikamwona sokoni mmoja wa wale waliosimama nje, mchimbaji mmoja anaitwa Jilala, nikamfuata nikamuuliza kwa nini hakuingia. Kumbe na yeye ana hasira na mimi! Alisema alisimama mpaka miguu ikafa ganzi akisubiri upande wa pili uanze, na upande wa pili haukutokea. Nikamuuliza upande wa pili wa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Akanieleza kwamba ngoma ni pande mbili. Mtu husimama katikati, akasikiliza huku, akasikiliza kule, ndipo akaenda kwa aliyemzidi mwenzake. Kuingia kwake mapema kungekuwa kuchagua kabla ya kusikia, na yeye si mtu wa upendeleo.

Nikadhani labda ni yeye tu ana mambo yake. Nikaenda Segese siku ya gulio na michoro yangu, nikauliza na kule, nikapata jibu lile lile. Nikarudi kwa Mzee Kamrudin, naye akacheka mpaka akavua miwani. Alinisimulia kwamba zamani, pamba ikishauzwa, baba yake alifunga duka mapema wakaenda kutazama Wagika na Wagalu wakishindana, makundi mawili ya ngoma kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja likiwavuta watu wa mwenzake. Jaji hakuna. Lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda. Alisema yeye ni Mgalu hadi leo, mkewe Anar ni Mgika, na jambo hilo halijapata suluhu nyumbani kwao.

Nilijiona mjinga. Sisi ni watoto wa baba Mgika na mama Mgalu, hadithi hizo tumelishwa pamoja na uji, na bado hatukuwahi kujiuliza kwa nini watu walitupenda. Kumbuka harusi zetu. Upande wa bibi harusi walikuwa wako, upande wa bwana harusi walikuwa wangu, nasi tukadhani wanatania. Ubeti wa pili ulipoufikia wewe ulikuwa unaninyang'anya wimbo, na ndipo watu walipoinuka vitini. Dada, hawakuja kutusikia tukipatana. Walikuja kuona nani atamzidi mwenzake.

Basi mwenye ukumbi amenipa Jumamosi ya wiki ijayo, na ameniambia watu wasipoingia nitafute pengine. Nikaamua kujitungia mpinzani. Nilitaka kuchora bango lenye mwanamke asiyekuwapo duniani, nimpe jina, halafu siku ikifika niseme ameugua. Ni uongo, najua, lakini nilikuwa nimekwama. Nikachora wa kwanza, akatoka na kidevu chako. Nikamfuta. Wa pili akatoka na ile nyusi yako ya kushoto, inayopanda kila unapotaka kuninyang'anya ubeti. Nikamfuta na huyo.

Sasa kaa chini, dada, kwa sababu nina la kuungama. Wa tatu sikumfuta. Nilikuchora wewe mzima mzima, nikaandika jina lako juu, Melania wa Maganzo, Mgika, na langu chini yake, Noela, Mgalu. Upande wa baba nimekupa wewe, mimi nimechukua wa mama. Nikachapisha bila kukuuliza. Umebandikwa Kalangalala yote na Segese, na asubuhi hii Mzee Kamrudin, kwa kimuhemuhe chake, amempa Enock, dereva wa lori lake, furushi zima alipeleke Maganzo. Ndiyo maana naandika mbio mbio. Nimemsihi Enock akukabidhi barua hii kabla hajaanza kupaka gundi ukuta wowote.

Mji umeshagawanyika. Jilala amelitazama bango akasema mwenye uso huo haji kucheza, yeye ni wako. Bibi Anar naye ni wako, na anawahimiza wateja. Mimi nina Mzee Kamrudin, na hata yeye naona anayumba.

Nilikuja kujua kama naweza kuimba bila wewe. Naweza. Nyimbo zipo, ni nzuri, na sirudi tena kuwa nusu ya wale dada wawili. Lakini kila wimbo nilioutunga huku nimeutunga nikikubishia, na nimechoka kubishana na mtu asiyejibu. Nimekukumbuka, Melania. Njoo na nyimbo zako mwenyewe, usilete hata mmoja wa zamani. Wala usinionee huruma. Ukinizidi, watu wote wakahamia kwako, nitanuna siku mbili halafu nitakupikia. Usipokuja, watasimama nje tena, na safari hii sitaimba. Nitatoka nisimame nao, nikusubiri.

Mwambie Maige mama yake mdogo hajamsahau. Kwa mama nitaandika mwenyewe. Tafadhali usimwambie kwanza kwamba nimechukua upande wake, atatamba kijiji kizima. Wasalimie majirani wote, na yule wa cherehani pia. Wabeja sana dada, kwa kusoma mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako, na mpinzani wako,

Noela