Medali za Kaizari Zimebaki Nyumbani

Papa wangu,

Tumeshaondoa matanga, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kukuandikia. Usinikasirikie kwa habari hii: medali zako zinang'aa mpaka zinaumiza macho.

Desturi yetu unaijua. Matanga yakiisha, ndugu wanagawana vitu vya marehemu. Makoti yakaenda, viatu vikaenda. Lakini kaka yako, Papa Mkubwa, alipofika hapa Queensburgh akasema kila mwanaume wa ukoo achukue medali akauze, weee, nililia kuliko siku ya maziko. Miaka yote ile ulizunguka masoko ya vitu vya zamani humu Durban, ukizitafuta medali za yule kaizari wa Afrika ya Kati ambaye dola yake haikukaa hata miaka mitatu. Nilikuuliza unamtakia nini mtu yule. Ukanijibu, "Simpendi hata kidogo, binti yangu. Naweka ushahidi kwamba wakubwa nao wanaanguka." Sasa ushahidi wako utawanywe?

Basi Mama hakutaka kuwapa ndugu vitu vichafu, ni aibu. Asubuhi akazichukua zote, akazisugua kwa majivu na ndimu kama sufuria za harusi. Wewe uliyetukataza hata kuzifuta vumbi! Eish, nilishika kichwa. Ule weusi wa zamani uliokuwa unausifia wote umeenda na maji.

Papa Mkubwa akazibeba mpaka Glenwood kwa yule mzee anayenunua vitu vya zamani. Mzee akazigeuzageuza, akasema zimeshasuguliwa, hazina bei tena. Papa Mkubwa alirudi amenuna, akaweka mfuko mezani, akatuambia tubaki na vyuma vyetu. Hakuna ndugu aliyetaka hata moja!

Papa, nilicheka mpaka machozi. Mama alikuwa anaona haya, maskini, nikamkumbatia.

Jana nimezipanga zote kwenye ubao sebuleni. Mama, yeye aliyekuwa anaziita takataka, akavuta kiti akaanza kuzigusa. "Na hii, baba yako aliipata wapi?" Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Nimefurahi sana, Papa. Nilikuwa sijamsikia akikutaja bila kulia.

Pumzika sasa. Mimi nikiwa hai, hakuna atakayezitenganisha. Na zile ulizozikosa tunaanza kuzitafuta Jumamosi, mimi na Mama. Ameshaomba ruhusa kwenye kwaya.

Binti yako