Nywele za Kwenye Kibiriti

Mjomba wangu mpendwa,

Ni miaka miwili sasa tangu tukuzike Ruangwa. Katika miaka hiyo sikupitisha siku bila kuandika kitu kwenye daftari langu, lakini wewe sikukuandikia hata mstari. Na wewe ndiye uliyeninunulia daftari la kwanza nilipoingia kidato cha pili, ukaniambia niweke tarehe juu na niliyoyaona chini. Barua hii nimeiahirisha mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ambayo utaiona. Sasa naiandika, na naiacha wazi isomwe na kila mtu, kwa kuwa aibu niliyokutia haikukupata chumbani. Ilikupata mbele za watu.

Nianze na asubuhi ile. Daftari linasema tarehe 14 Machi 1998, mwaka wa mvua zilizokata barabara mpaka sukari ikaadimika madukani. Ulikuja kwangu matope yamekufika magotini, ukakataa kiti. Ulikuwa umelala shambani, juu ya dungu, ukilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Ukasema kulipopambazuka mnyama alipita chini yako, taratibu, kama mwenye shamba anayekagua mistari yake. Wa kijivu, mwenye michirizi hafifu ubavuni, miguu mifupi, mkia mnene. Simba ulikuwa unamjua, chui unamjua, fisi unamjua. Huyu hukumjua.

Mke wangu Somoe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema, "Basi huyo ni mngwa, baba."

Sisi wa huku tumelelewa na jina hilo. Mngwa, yule paka mkubwa kama punda, anayesimuliwa tangu enzi za mababu, ambaye hakuna aliyewahi kuleta ngozi yake tukaiona. Mimi nilikuwa nimeshashika kalamu, na jina nimeshaliandika.

"Kata hilo," ukasema. "Mngwa ni jina. Mimi sikuona jina, mpwa wangu. Nimeona mnyama."

Nikakata. Neno lile lililokatwa bado lipo kwenye ukurasa, nimelitazama tena leo asubuhi.

Kisha ukatoa mfukoni kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Ndani mlikuwa na nywele chache zilizonasa kwenye miiba ya ua wa shamba, pale alipopenya. Za kijivu, ncha nyeusi, ngumu kama nyuzi za mkonge. Nikazitia kwenye kibiriti kitupu, nikaandika juu yake tarehe, mahali na jina lako. Kusoma kulikuwa kwa shida kwako, ila ulinitaka nikusomee maneno yote uliyosema, mara mbili, uhakikishe sikuongeza chumvi. Ndivyo ulivyokuwa. Kijijini kwetu watu wakigombea mpaka wa mikorosho walikuita wewe, kwa sababu ulisema "huu nilimwona fulani akiupanda" au ulisema "huu sijui", na hukuwahi kuona haya kusema sijui.

Habari zilifika Nachingwea mjini, na kutoka huko zikamfikia mama mmoja mtaalamu wa wanyama, mwalimu wa chuo kule Dar es Salaam. Aliandika kwamba barabara zikifunguka atakuja mwezi wa saba, na kwamba jambo moja tu anatuomba: tuzitunze zile nywele.

Nilizitunza miezi minne, Mjomba. Ndiyo inayoniuma. Miezi minne kibiriti kilikaa juu ya kabati, nikikifuta vumbi kila Jumapili.

Unakumbuka nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Siku tatu kabla mgeni hajafika tulikuwa nje tunakung'uta magunia kujiandaa na msimu, na makuli walikuwa wananitania kwamba mjomba wangu kaona mzimu wa shambani. Nikaona nitawaziba midomo. Nikaenda nyumbani nikachukua kibiriti, nikasimama katikati yao kama mwalimu, nikakifungua. Upepo wa kusi ulipita mara moja tu. Tulitambaa kwenye vumbi mpaka adhuhuri tukitafuta, makuli nao wakanisaidia, hakuna aliyecheka tena. Tulipata nyuzi za magunia. Nywele hatukuzipata.

Ningekuja kukwambia siku hiyohiyo. Shamba lako lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Badala yake nilifikiri kikarani. Pale ghalani tulikuwa tukichota korosho kidogo kutoka kila shehena, tunazipasua kuangalia ubora, nyingine zinapelekwa wilayani kama sampuli. Sampuli ikimwagika njiani karani hatangazi. Anachota nyingine kwenye gunia la jirani, anaandika namba ileile, kazi inaendelea. Korosho ni korosho. Nikajiambia mngwa wanasema ni paka mkubwa, basi nywele za paka zitakuwa karibu na hizo. Nilikaa jikoni na mkasi, nikamkata paka wa Somoe nywele za kijivu chini ya shingo.

Makuli niliwaambia nimekuta nyingine zimebaki kwenye ile karatasi ya saruji. Somoe yeye alizunguka na paka yule mwezi mzima akiuliza majirani, "Huyu kapatwa na upele gani, au mmemmwagia maji ya moto?"

Na daftari, ambalo halijawahi kukosa siku, kwa siku ile linasema: "Tarehe 9 Julai. Upepo mwingi. Hakuna jipya." Nilidanganya hata pale ambapo hapakuwa na msomaji isipokuwa mimi.

Mgeni alikuja, ukamkaribisha kwa mihogo na karanga. Nadhani ulimpenda kwa sababu aliuliza na kunyamaza. Alitueleza kwamba hana hakika kama kazi yake hii ni sayansi. Wenzake chuoni hawaihesabu. Kuwatafuta wanyama wanaosimuliwa tu, alisema, ni kazi iliyosimama mlangoni, si ndani wala si nje, kwa sababu wengi wanaoifanya wanaanza na jina halafu wanatafuta mnyama wa kulivaa. Hadithi mia haziwi ushahidi kwa kuwa ni mia. Lakini pia, alisema, yule mnyama wa misitu ya Kongo anayeitwa okapi wenyeji walimjua zamani sana kabla wataalamu hawajakubali kwamba yupo, na waliokubali walikubali baada ya kushika ngozi na fuvu. "Nahitaji kitu ambacho mtu asiyeniamini anaweza kukishika," akasema.

Ukaninyooshea kidole. "Kipo. Kinatunzwa na mpwa wangu. Huyu kasoma."

Nikampa kibiriti. Sikusita, na hilo nalo nalionea haya.

Alipokuuliza kama unaamini ulimwona mngwa, ukamjibu kama ulivyonijibu mimi: hukuona jina. Alifunga daftari lake akaniambia pembeni kwamba katika safari zake zote hajapata shahidi kama wewe, maana wengine wote walimpa jina kwanza.

Majibu yalikuja Januari. Barua ilipitia ofisi ya kijiji, na aliyeipokea akaifungua akaisoma kwa sauti barazani, watu wamejaa wakisubiri mbegu. Nywele zilizopimwa ni za paka wa nyumbani. Mtaalamu aliandika kwa adabu kwamba anaifunga habari yetu kama paka aliyedhaniwa kuwa mnyama mwingine. Halafu mtu mmoja nyuma akalia, "Nyau."

Wewe hukukasirika. Ulinigeukia ukaniuliza polepole, "Zile zilikuwa ngumu, ncha nyeusi. Hizi walizopima zilikuwaje?"

"Sijui, Mjomba," nikasema. Neno lako mwenyewe, neno lako la heshima, nikalitumia kujifichia.

Baada ya hapo hukuweza kupita sokoni bila kuitwa Mzee Nyau. Watoto walilia "nyau" nyuma ya miti ulipokwenda msikitini. Watu wazima walikuuliza kama paka wako anatosha kulimia. Ulicheka nao mwanzoni. Nilidhani yatapita, na yangepita, kama si ile kesi ya Bi Zainabu.

Mjane yule alikuwa na mikorosho kumi na miwili aliyoachiwa na mumewe, na shemeji yake akadai ni ya upande wake. Wewe ndiye uliyekuwepo ilipopandwa. Ukasimama mbele ya baraza la wazee, ukaanza kusema aliyeshika kamba na aliyechimba mashimo. Yule shemeji akakukatiza, akawaambia wazee wasipoteze muda na mtu aliyeona paka akamfanya mnyama wa ajabu. Leo ameona mikorosho, kesho atasema ni minazi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti akakuomba ukae. Ulikuwa hujamaliza hata mstari wa kwanza wa miti.

Karani wa kikao kile nilikuwa mimi. Ukurasa ninao. Niliandika: "Shahidi wa kwanza hakutosheleza." Nilikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwako, na sentensi moja ingetosha, nami nikapiga mstari kwa rula chini ya maneno yale ili yaonekane safi. Bi Zainabu alikosa mikorosho yake. Alipotoka alipita mbele yako, akakuinamia kukuamkia kama kawaida, na wewe ukageuza uso. Sikuwahi kukuona ukimgeuzia mtu uso.

Mwaka uliofuata ulihamia Ruangwa kwa binti yako. Ulisema magoti yanakusumbua na huko hospitali iko karibu. Wote tulikubali kuamini magoti.

Nilikuja kukutembelea mara chache kuliko ilivyonipasa. Mwaka 2005 tulikaa ukumbini kwa binti yako, redio ikatangaza kwamba kule nyanda za juu kusini wamepata aina mpya ya kima ambaye wataalamu hawakumjua. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina lake, kipunji, na wataalamu wakidhani huenda ni wa masimulizi tu. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukapunguza sauti.

"Wale wamepata cha kushika," ukasema. Baadaye ukaniuliza, "Bado unaandika daftari lako?"

"Naandika, Mjomba."

"Unaandika yote?"

Nikasema ndiyo. Ulinitazama kidogo, ukamwita binti yako alete chai. Mara nyingine nadhani ulijua tangu siku ya barua, ulipouliza habari ya ncha nyeusi, na kwamba miaka yote ile ulikuwa unaningoja. Ukilinda mtoto wa dada yako asizomewe, ukazomewa wewe. Mara nyingine natumaini hukujua. Sijui lipi ni baya zaidi.

Ulifariki mwaka uliofuata. Kaburini watu wa kijijini walikuja kwa wingi, wakakusifu, na mmoja wao akasema kwa upendo kabisa, "Mungu amrehemu Mzee Nyau." Nilikuwa nimeshika koleo.

Sasa nikueleze nilichofanya, usidhani nimekuja na maneno tu. Kwanza nilimwambia Somoe. Akasema, "Yule paka wangu nilimpaka mafuta ya taa bure," na akalia, na si kwa ajili ya paka. Kisha nikamwandikia yule mtaalamu, miaka kumi baadaye, nikamweleza upepo na mkasi. Alijibu kwa karatasi moja. Alisema makosa ya namna hii ndiyo yanayoifanya kazi yake ichekwe, na kwamba hawezi kunisamehe kwa niaba yako. Nywele zimepotea, kwa hiyo hawezi kusema kitu kuhusu mnyama wako. Lakini kwenye jalada lako amekata neno "paka" na kuandika "hajulikani". Hajasema yupo. Hajasema hayupo. Amekurudisha pale uliposimama mwenyewe asubuhi ile na miguu ya matope.

Jumamosi iliyopita nilikwenda barazani na madaftari mawili, langu na lile la kikao. Nikawasomea tarehe 14 Machi. Nikawasomea tarehe 9 Julai kama nilivyoiandika, kisha kama ilivyokuwa. Nikawasomea "hakutosheleza". Yule shemeji aliniuliza kama sasa nimekuwa mtu wa kuaminiwa, nikamjibu kwamba mimi siaminiki, lakini shahidi wao alikuwa wa kweli na walimkalisha kwa kosa langu. Mwenyekiti mpya amesema shauri la Bi Zainabu litasikilizwa tena baada ya msimu. Hakuahidi zaidi ya hapo. Bi Zainabu mwenyewe aliniangalia tu, na nilistahili.

Nimejiuzulu ukarani wa baraza. Daftari langu nimelibakiza.

Nilipokuwa narudi kwa baiskeli, karibu na mwembe wa shule, binti mdogo aliyekuwa amejitwika ndoo alinitazama nipite. Habari huku hutembea haraka, unajua. Nilipompita akalia nyuma yangu, taratibu, kama anayejaribu: "Nyau."

Nikashuka kwenye baiskeli, nikageuka, nikamwitikia, "Naam."

Pumzika, Mjomba. Jina lile ulilibeba miaka saba, na leo limefika kwa mwenyewe.

Mtoto wa dada yako,
mpwa uliyemsomesha