Hoja za Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametimiza mwaka mmoja bungeni. Pongezi! Amesema mara mbili: siku ya kiapo, na siku kipaza sauti chake kilipogoma kuzimika. Alipokuwa wakili, hakimu alimwomba apumue kidogo. Siku hizi anapumua tu.

Jumatano, 5 Machi
Chama kimemkumbuka. Jumanne ataunga mkono muswada wa masoko — halmashauri ibomoe vibanda, na mwenye kibanda asiwe na ruhusa ya kushtaki. Wamechagua vizuri. Nani anajua vibanda kuliko yeye, aliyewatetea mahakamani mafundi cherehani wa soko letu miaka sita dhidi ya halmashauri hiyo hiyo, hadi ikabaki hukumu tu? Muswada ukipita, kesi imekufa.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi aliyenishonea sare alikuja nyumbani, futi ya kupimia shingoni. Hakulalamika. Alimwomba Mama awasemee. "Wewe ni mwenzetu, mwanangu." Mama akajibu kwamba suala litatazamwa kwa mapana yake. Mapana! Nilijificha nyuma ya kitabu cha kemia. Nilikuwa nimekishika juu chini.

Jumamosi, 8 Machi
Tangu darasa la tano, kabla ya kila kesi, Mama alikuwa akinikalisha mezani niwe wakili wa upande wa pili. Napinga, ananibomoa, tunakunywa chai. Leo kanipa hotuba niichape. Nikauliza nipinge lini.
"Hii haihitaji, binti yangu," akasema bila kuniangalia.
Sawa. Mdomo sina, vidole ninavyo.

Jumapili, 9 Machi
Kwenye faili la mafundi nimepata majumuisho yake ya mwisho mahakamani. Nimechapa ukurasa mmoja, herufi zile zile, nikauchomeka baada ya ukurasa wa tatu wa hotuba. Zamani angepitia kila karatasi mara kumi. Sasa kupitia ni kazi ya msaidizi, na msaidizi ana kazi ya kubeba mkoba.

Jumanne, 11 Machi
Naandika nikiwa kwenye jukwaa la wageni bungeni. Fundi yuko kando yangu. Mama kasoma kurasa tatu, wenzake wakagonga meza. Akafungua unaofuata.
"Mheshimiwa Spika, watu hawa hawaombi huruma. Wanaomba kusikilizwa."
Meza zimeacha kugongwa. Ameyatambua maneno yake. Ameuchomoa ukurasa halisi uliokuwa chini. Spika anauliza kama mheshimiwa amemaliza.
"Bado," anasema.
Ananitazama mimi. Ana ukurasa mmoja katika kila mkono, wa chama na wa mafundi —