Mama, Saa za Namsifu Zinaanzia Kambini

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amelala. Nakuandikia nikiwa hapa kituoni kwako, Maore, nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Watoto wote wameshachukuliwa. Nimegombana na mdogo wako, mama. Nimegombana naye mbele ya kamati nzima, na sijutii hata kidogo.

Tangu ulipotutoka, mjomba ndiye mwenyekiti wa kamati ya kituo. Akaona tumebaki nyuma. Akasema kituo cha malezi, hata kiwe kidogo, lazima kiwe na programu ya simu ya kurekodi mlezi kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. "Paka akiondoka, panya hutawala," alisema huku ananitazama, na paka aliyemkusudia ni wewe. Mimi, kwa kuwa nawasimamia walezi, nikapewa kazi ya kuchagua programu moja kati ya mbili. Kwa kweli mjomba alikuwa ameshachagua moyoni. Alitaka ile iliyoletwa na kijana mmoja kutoka Moshi, mwenye viatu vilivyong'aa mpaka vilipokutana na vumbi letu.

Programu ya kijana inachora duara kwenye ramani kuzunguka kituo. Simu yako ikiingia ndani ya duara, saa za kazi zinaanza zenyewe. Ikitoka, zinasimama. "Hakuna kubonyeza, hakuna kudanganya," alisema kijana, na mjomba akatikisa kichwa kama aliyepata mkwe. Tukagawiwa simu za kituo, tukaijaribu mwezi mzima.

Mama, ungecheka. Unakumbuka kanisa limepakana na ua wetu. Basi Mama Upendo, mpishi wetu, Jumapili zote alihesabiwa yuko kazini akiwa kwenye kwaya. Mjomba naye, aliyejiandikisha ili atuonyeshe mfano, alionekana mchapakazi hodari wakati wa mahubiri, na wewe unajua mahubiri humfanya nini mdogo wako. Hakuna aliyekuwa na jina chafu kwenye hiyo programu isipokuwa mtu mmoja. Namsifu. Kila siku mstari wake ulikuwa mwekundu: amechelewa, amechelewa, amechelewa.

Namsifu ni yule mtoto uliyekuwa ukimvusha korongo kwa mgongo wako. Mama yake alikuwa mkata mkonge. Siku hizi ni mlezi wetu, mrefu kuliko mimi, na ile njia yako ameirithi yeye. Alfajiri anaanzia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, anabisha mlango hadi mlango. Akina mama wa pale wametoka Kigoma, wametoka Singida, wametoka Iringa. Hawana bibi wala shangazi huku wa kuwaachia mtoto, na gari la shamba halimngoji mtu. Namsifu anawapokea watoto, anawapanga mstari, anawashikisha kanga.

Bado tunatumia kanga, mama. Ile namna yako ya kuikunja ndefu, kila mtoto akashika pake, wakatembea kama gari moshi bila reli. Mimi ulikuwa unaniweka mwisho kabisa. "Wewe shika mkia," uliniambia. "Ukiachia wewe, sitajua nimepoteza nani." Nilikuwa mdogo, miguu inauma, umande umelowesha gauni, lakini sikuachia. Tulipofika korongoni uliweka kanga begani, ukawavusha mmoja mmoja, na mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu nilikuwa wako. Niliwaonea wivu wale watoto wengine wote. Jioni nikikuuliza kwa nini wasiletwe na mama zao, ulinijibu ukiwa unakoroga makande: "Kazi ya mlezi inaanza mtoto anapoachia mkono wa mama yake. Mengine ni majengo tu."

Sasa kambi iko nje ya duara. Korongo liko nje ya duara. Mlezi anayembeba mtoto wa watu kifuani huku maji yanampiga magotini, kwa mujibu wa programu ya mjomba, bado hajafika kazini. Anayeimba sauti ya pili kanisani ndiye yuko kazini.

Mjomba akaitisha kikao. Akasema Namsifu aje moja kwa moja kituoni asubuhi kama wenzake, watoto wa kambini waletwe na wazazi wao, na kama hawezi, atafutwe mwingine. Alisema kwa upole, kama anayepanga viti. Namsifu alikaa karibu na mlango, akiangalia mikono yake. Wote mle ndani tulijua watoto wa kambini hawataletwa na mtu. Watafungiwa chumbani mpaka mama arudi, au waachiwe dada wa darasa la pili ambaye hataenda shule siku hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kabla yako, na ulinisimulia kwa nini ulianza.

Nikasimama. Nikaanza vizuri, kama ulivyonilea. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa tu, mama, tusikilizane."

"Nitakaa nikimaliza. Mjomba, mbiu ya msaragambo ikipigwa kule Gonja, watu wote tukaenda kutengeneza mfereji, msimamizi si wewe?"

"Ni mimi. Inahusu nini?"

"Ukimtuma mtu mtoni akafuate mawe ya kuzibia, halafu ukahesabu watu mferejini usimwone, unamtoza faini?"

Mzee mmoja wa kamati akacheka kabla hajajizuia. Mjomba akavua miwani. "Huyo si ametumwa! Mawe yenyewe yanatoka wapi kama si mtoni?"

"Na hawa watoto wanatoka wapi, mjomba?"

Kila mtu mle ndani ni Mpare, na hakuna Mpare asiyejua kwamba msaragambo, kazi yetu ya pamoja, unaanza pale inapoanza kazi ya watu, hata kama mfereji uko mbali. Mjomba alijaribu kusema hayo ni mambo mengine, haya ni ya kitaalamu. Nikamwambia utaalamu unaomwona mwimbaji na usimwone mbebaji, mimi siutaki kituoni. Nikamwambia na zaidi: "Siku mtakayomwondoa Namsifu, jiandaeni kupokea na barua yangu ya kuacha kazi."

"Unanitisha mimi, mjomba wako?"

"Sikutishi, mjomba. Nakuarifu."

Mama, nilipomaliza nilikaa, kama nilivyomwambia. Baadaye nikaenda kuosha vikombe na Mama Upendo.

Lakini nisikudanganye kwamba nilikuwa nakutetea wewe tu. Lipo jambo ambalo nagombana nawe pia, na ni heri niliseme wakati damu bado ina moto. Baada ya kikao mama mmoja wa kamati alinifuata akaniambia, "Kwa nini tusiache hizi programu zote? Marehemu mama yako hakuwa akihesabu saa." Alikusifia kwa nia njema. Mimi nikawaka upya. Ni maneno yale yale waliyosema siku ya maziko yako, mmoja baada ya mwingine: hakuhesabu saa, hakuhesabu saa. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Kwangu kilikuwa kilemba cha ukoka, mama. Walikuvika, wakaenda kula.

Wewe hukuhesabu, na kwa kuwa hukuhesabu hakuna aliyeona. Miguu ilivimba ukasema ni jua la tambarare. Nilipokuomba upande Gonja hospitalini, ulinijibu, "Nikienda, nani atawapokea?" Ulipokubali kwenda ulikuwa umeshachelewa. Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika, lakini kwa hilo nina hasira nawe, na sitaifunika kwa maua. Sitaki Namsifu arithi kanga yako pamoja na miguu yako.

Kwa hiyo sikukataa kuhesabu. Nimechagua ile programu ya pili, ile ambayo mjomba aliiita ya kishamba. Haina duara. Mlezi anabonyeza mwenyewe anapompokea mtoto wa kwanza, popote alipo, anaandika jina la mtoto, na anabonyeza tena anapomkabidhi wa mwisho. Kambini mtandao unakuja na kuondoka upendavyo, lakini yenyewe inatunza, inatuma baadaye. Na ina kitu nilichokipenda kuliko vyote: mtu akizidisha muda, inanipigia kelele mimi ninayemsimamia. Nikizisikia, mlezi wangu anapumzika. Kamati walipiga kura. Mjomba alinyoosha mkono mwishoni kabisa, kama anayejikuna, lakini aliunyoosha, na Namsifu yupo.

Asubuhi ya kwanza nilimfuata kambini. Mlango wa mwanzo alitoka mama mmoja wa Kigoma, amejifunga kitambaa cha kazi kichwani, amemshika binti yake anayelia. Mama akainama, akamnong'oneza kitu, mtoto akaachia vidole kimoja kimoja. Namsifu akampokea, akamweka ubavuni, akatoa simu. "Nibonyeze sasa, dada?" aliniuliza. "Huku huku njiani?" Nikamwambia bonyeza. Alibonyeza kwa nguvu kama anayegonga muhuri, kisha akafungua kanga. Nilishika mkia. Mimi mtu mzima, mama, nilishika mkia mpaka kituoni, na sikumwachia mtu.

Nimekukumbuka njia nzima. Nilipofika korongoni nililia kidogo, kisha nikavua viatu.

Basi, mama, nisikilize, maana hili siliombi, nasema. Siku wakinizika mimi, asisimame mtu kusema sikuhesabu saa. Aseme nilizihesabu zote, zangu na za wenzangu, na zilipotimia nilikwenda nyumbani nikaweka miguu juu. Anayetaka kunisifu kwa jingine akae chini.

Jua limeshaingia nyuma ya milima na ndama wa jirani wanarudi. Ulikuwa ukiniambia usiondoke mpaka umeshafagia. Leo sijafagia. Muda wangu wa kazi umekwisha, nimeshabonyeza, na barua hii nzima nimekuandikia kwa muda wangu mwenyewe. Lala, mama. Safari hii pumzika kweli.

Mimi mwanao,
mshika mkia